Tulipokwenda Ulaya kwa Miguu

Miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kulijaza soko la Kilosa na mashamba ya mkonge yakawa yanatafutiwa wenyewe wapya, mume wangu alipunguzwa kazi reli. Alikuwa mkaguzi wa njia. Kila asubuhi, kwa miaka mingi, alitembea juu ya mataruma ya reli akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga boliti na kusikiliza mlio wake. Siku aliyopewa barua aliileta nyumbani, akaiweka juu ya kabati, akaomba chai. Tangu hapo akawa mtu wa barazani. Ukimuuliza neno alijibu, ila kwa ufupi, kama anayejibu kutoka ng'ambo ya mto.

Wiki ya tatu nikamwambia nataka kwenda Ulaya kumwona mama. Ulaya yetu si ile ya wazungu. Ni kijiji kilicho kati ya Kilosa na Mikumi, na utani wake tumeuzoea. Kwa kawaida tulikwenda kwa lori. Mume wangu akasema, "Twende kwa miguu. Vijia vyote navijua."

Niliogopa umbali, lakini niliogopa zaidi kumkatalia.

Tulitoka alfajiri, ukungu umelala juu ya mto Mkondoa kama maziwa yaliyomwagika. Yeye mbele, mimi nyuma na kikapu. Kijia kilikuwa chembamba, nyasi zake zimelowa umande, na kila tulipopita ndege waliruka mbele yetu, wakatua mbele kidogo, wakaruka tena. Bila kugeuka akanieleza kwamba wazee wa reli walimwambia kuwa bonde hili lilikuwa njia kabla ya kuwapo reli, kwamba wapagazi walishuka nalo kutoka bara na pembe za ndovu begani, wakielekea pwani, siku baada ya siku. Wajerumani walipokuja kutandika vyuma walifuata tu nyayo za watu. Sijui kama yote ni kweli. Najua kwamba nilianza kukanyaga taratibu, kama mtu aliye ndani ya nyumba ya wenyewe.

Jua lilipopanda tukaingia kwenye mkonge. Shamba lilikuwa limeachwa zamani. Mistari ilikuwa imepotea, milingoti imechanua hovyo juu ya vichwa vyetu, na upepo ulipovuma ilikwaruzana kwa sauti ya chini. Hapo nilijua tulipo kabla hajasema. Baba yangu alikuja huku kijana kutoka Songea kukata mkonge, akaoa Mngoni mwenzake, akazaa, akazikwa humo humo; shamba lilipofungwa mama akahamia Ulaya, akapata ardhi. Kambi yetu ilikuwa imebaki misingi na kuta mbili tatu zilizoota mlenda.

"Mlango wenu ulikuwa upi?" akaniuliza.

Nilihesabu kutoka kwenye tangi la maji, nikakipata kizingiti. Nikakaa juu yake. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini, lakini nilipokaa pale magoti yangu yalikumbuka urefu wake. Nilisikia harufu ya moshi ambao haukuwapo, na mama akituita kwa Kingoni. Mume wangu alisimama pembeni, akatazama upande wa reli. Akasema kwamba alipokuwa mgeni kazini alizoea kuona wasichana wakipanga foleni kwenye lile tangi, naye yuko kule juu ya tuta na nyundo yake.

"Labda ulikuwamo," akasema.

Nilimwambia labda. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka ishirini na hatukuwahi kulizungumza hilo.

Mbele ya kambi kijia kilikatika. Palikuwa na seng'enge mpya, na nyuma yake ardhi iliyolimwa kwa trekta hadi macho yanapoishia. Mume wangu alitembea kushoto, akarudi, akatembea kulia. Sijapata kumwona akipotea njia, wala kabla wala baada. Tulisimama pale mpaka akatokea mama mmoja mfugaji, mzee, kibuyu mkononi na ndama wawili mbele yake. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kwa Kiswahili chake cha polepole akasema njia ile sasa ni ya ng'ombe, inazunguka kule chini. Hakutuelekeza kwa kidole. Alitangulia, sisi tukamfuata.

Tulipita katikati ya majani marefu kuliko sisi. Sikuona mbele wala nyuma, ila mgongo wa mume wangu na kengele ya ndama ikilia mahali fulani. Huko ndani ya majani ndiko mume wangu alikosema alichokificha wiki tatu.

"Sikuumia kwa sababu ya barua," alisema. "Kesho yake treni la Kidatu lilipita salama. Nililisikia nikiwa barazani. Lilipita bila mimi, na halikutikisika hata kidogo."

Nilinyoosha mkono nikashika ncha ya shati lake, tukaendelea hivyo mpaka majani yakaisha na yule mama akatuachia njia.

Tulifika Ulaya jua likizama. Mama alipotuona tuna vumbi hadi magotini akadhani kuna msiba. Ilibidi nimwapie kwamba watoto wote wazima. Akatuletea maji ya kunawa miguu. Wakati wa kula mume wangu alimsimulia mama mkwe wake njia nzima, kwa adabu na macho chini, lakini alisimulia mpaka ugali ukapoa.

Asubuhi alinituma kwa mama, maana mkwe haombi mwenyewe. Nikamwambia mama kwamba baba watoto anaomba kipande cha kulima. Mama aliendelea kupepeta mchele wake.

"Mwambie achague kabla ya mvua," akasema. "Ardhi ya bondeni inafaa mpunga, ila inataka mtu asiyechoka kuitembelea."

Mume wangu akachagua ya bondeni. Tulirudi Kilosa kwa lori la mahindi, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imevimba na viatu vimekataa kuingia.