Salamu Juu ya Ubeti wa Dada Yangu

Mama yangu hakuwahi kuusikia wimbo wetu. Ulipokuwa ukipigwa katika kila baa ya Nyeri, yeye alikuwa mtu wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani, na redio ya nyumbani ilizimwa mara tu taarifa ya habari ilipokwisha. Mimi na dada yangu mdogo tuliurekodi Nairobi miaka michache baada ya uhuru, tukarudi na santuri zetu tukijiona tumeukata. Mama akasema nyimbo za walevi zisivuke mlango wake, na hazikuuvuka.

Dada akafa bado kijana, kwa homa ya mapafu. Mama akazeeka, nikamhamishia kwangu Skuta. Alipolala kitandani na daktari akaacha kutupa matumaini, mama mmoja wa kanisani alikuja kumwona, na kwa nia njema kabisa akamwambia kwamba katika wimbo ule mlikuwa na ubeti wake.

"Hukujua?" akasema. "Binti yako alikuimbia wewe."

Mgeni alipotoka, mama aligeuza uso akanitazama. "Aliniambia nini?"

Kwetu binti wa pili hupewa jina la mama yake mama. Kwa hiyo mama alimwita dada yangu "mama" tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na alimwita hivyo kwa namna ambayo mimi, niliyepewa jina la upande wa baba, sikuwahi kuitwa. Mama halisi wa mama yangu alikufa wakiwa hawasemezani, kwa sababu ya mambo ya kanisa. Katika ubeti ule dada alisimama mahali pa nyanya, akamwita mama "mwanangu", akambariki.

"Alikubariki," nikamjibu.

"Hiyo nimeambiwa. Mimi nataka maneno yenyewe."

Sikuwa nayo. Dada aliutunga ubeti ule palepale studio, fundi akihangaika na waya zake, akauimba peke yake, polepole, huku mimi nikimshikilia kwa chini na sauti nzito, aaa tu, roho mkononi nisije nikakosea. Kwenye baa hatukuuimba kamwe, kwani mlevi anataka kucheza, hataki baraka. Maneno yalibaki kwenye santuri, na santuri zangu zilikwisha kwa kuazimwa. Mtu akiazima santuri ni sawa na aliyeazima mwavuli, humwoni tena mpaka mvua iishe. Kule studio nako nilikwisha kuambiwa zamani kwamba mkanda wenyewe walirekodia bendi nyingine juu yake.

Basi nikaenda Majengo, palepale Nyeri, kwa muuza kaseti, Mwislamu wa mjini, mcheshi, aliyekuwa na mashine ya kunakili kaseti mbili kwa mpigo. Siku hizo hakuna aliyenunua santuri tena. Mtu alikwenda kwake na orodha kichwani, akatengenezewa kaseti ya kila kitu: wimbo wa kwaya, nusu ya wimbo wa wale Wazungu wachunga ng'ombe wa Marekani, kipande cha rumba, chote kimeungwa bila pumzi. Na kila kaseti aliyotoa ilikuwa na salamu zake mwenyewe, alizozisema kwa maikrofoni juu ya muziki.

"Yako iko, dada," akaniambia. "Hiyo inatoka sana."

Akaiweka. Nikamsikia dada akiingia, hai kabisa, nikashika ukingo wa meza. Ubeti wa kwanza ukapita, magitaa yakatulia, nikaisikia aaa yangu ikianza. Papo hapo sauti ya yule bwana ikafunika kila kitu: salamu kwa wapenzi wote wa muziki, salamu Karatina, salamu Mweiga, duka lenu ni lilelile. Alipomaliza, ubeti ulikuwa umekwisha, na mzungu wa ng'ombe alikuwa amechukua zamu.

"Kwa nini uliongea hapo?" nikauliza.

"Sasa ningeongea wapi? Hapo ndio kulikuwa kumepoa. Nikiongea kwa gitaa, nani atanisikia? Na nisipoweka sauti yangu, mtu wa Karatina ananunua moja, anajinakilia zake."

Mtu wa Karatina alikuwa amejinakilia zake vilevile. Nilikwenda nikaikuta kaseti yake, ina salamu za Majengo zikisikika kwa mbali, na salamu za Karatina juu yake. Mweiga mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wimbo ulikuwa unapigwa katika baa moja mchana, wakulima wa viazi wakinywa, na ubeti wa mama ulipofika wote waliweka glasi chini wakazisema zile salamu kwa pamoja, neno kwa neno, wakicheka kwa raha.

"Hapo ndio patamu," mtu aliyeketi kando yangu akaniambia.

Nilimchukia mtu yule asiye na kosa lolote. Nilitoka nikasimama kando ya barabara nikalia kwa hasira, kama mtu aliyefiwa upya, na ndiyo kweli nilikuwa nimefiwa upya.

Nikamrudia yule wa Majengo. Wewe ulinakili kutoka kwenye santuri, nikamwambia, santuri iko wapi? Akajikuna chini ya kofia. Alipopata mashine mpya aliwauzia watu wa hoteli moja ya Kenol santuri zake zote, wapambie ukuta.

Nilikwenda Kenol. Ukuta wa hoteli ulikuwa umejaa santuri zilizopigiliwa misumari, na juu ya kila moja walikuwa wameandika chakula kwa rangi nyeupe. Hapo chai, pale matumbo, pale mukimo. Yangu niliitambua kwa karatasi yake ya katikati, na juu ya mifereji ya sindano palikuwa pameandikwa GITHERI kwa herufi kubwa.

"Naomba hiyo," nikamwambia mwenye hoteli, mama mnene mwenye huruma machoni. "Huyo ni mimi."

"Wewe ndio githeri?" akacheka. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka, akaing'oa mwenyewe. "Chukua, mama. Githeri nitaandika kwa ingine."

Yule bwana wa Majengo, nilipomweleza habari ya mama, aliisafisha kwa mafuta ya taa na kitambaa laini, bila utani hata mmoja. Akatoa gramafoni yake ya zamani chini ya kaunta. Dada akaimba ubeti wa kwanza kama mtu aliye ndani ya sufuria ya mafuta yanayochemka. Aaa yangu ikaanza. Sindano ikafika kwenye tundu la msumari, ikaruka hadi mwisho. Akairudisha, ikaruka. Akaweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili kiwe kizito, kama walivyofanya watu wote wa santuri, na safari hii sindano haikuruka, bali ufa uliotoka kwenye tundu la msumari ulifunguka na sahani ikakatika vipande viwili.

"Nisamehe, dada," akasema. "Nilipoongea pale, sikujua ni ya mama."

Njiani kurudi Skuta niliwaza kutunga maneno. Nani angejua? Lakini mama angejua, kwa sababu mimi sikuwahi kusema kama dada, hata kwa kuomba chumvi.

"Umepata?" akaniuliza.

"Sikupata, mama. Yameisha. Hayako popote."

Akavuta blanketi hadi kidevuni. Kisha akasema, "Na wewe, wakati yeye ananiambia, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chini yake. Nilikuwa namshikilia."

"Basi imba hiyo yako."

Nikaketi kitandani nikaimba aaa, ileile, polepole, mwanamke mzima nikiona haya kwa kuimba wimbo usio na wimbo. Mama alifumba macho. Nilipofika katikati akanigusa mkono.

"Yeye anaingia wapi?"

"Ameshaingia, mama."

"Basi shusha sauti," akasema, "nimsikie."