Nilisema Shamba Ni Langu

Sifa zangu nazijua. Mtaani kwetu Temeke, nikisema mvua inanyesha watu wanatoka nje kwanza kuhakikisha. Niliwahi kumwambia mlinzi wa shule kwamba mwalimu wa nidhamu amehamishiwa mkoani, akawa ananifungulia geti saa za vipindi siku mbili nzima. Kwa hiyo ukiamua kutoniamini, sikulaumu. Ila hili silisemi ili ucheke. Ningekuwa nalitunga ningejipa sehemu nzuri kidogo, nisingejiweka mie ndiye mjinga wa kisa chote.

Ilikuwa likizo ya Juni mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu. Nilikuwa nakaa dawati moja na Lusajo, Mnyakyusa aliyekuwa analelewa na shangazi yake Tandika. Mpole, haongei, hesabu anazitafuna kama karanga. Mie nilikuwa nanakili hesabu zake, yeye anacheka vichekesho vyangu, maisha yanakwenda. Siku moja alichapwa fimbo sita ambazo zilikuwa zangu kabisa, halali yangu, na hakunitaja. Mtu wa namna hiyo akikuita twende mahali, utamuuliza maswali? Mie sikumuuliza.

Si unakumbuka biashara huria ilivyoruhusiwa, kila mtu akafungua chake? Hata mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa anauza barafu za ukwaju ofisini. Basi na mjomba wake Lusajo, huko kwao milimani upande wa Tukuyu, alikuwa ameikodishia kampuni moja ya utalii kipande cha ardhi kando ya ziwa. Si ziwa la kwenda kununua samaki. Hili liko juu mlimani, ndani ya shimo, maji ya kijani, msitu umelizunguka pande zote. Wageni wangekuja kulala kwenye mahema na kuyaangalia maji, basi, wamemaliza.

Mama aliposikia alishangaa. "Turubai kwetu linafungwa kwa msiba au harusi, asubuhi linashushwa. Wao ndiyo wanahamia?"

Lusajo alisema kampuni inataka vijana wawili walale kwenye mahema wiki moja kabla ya wageni, waone kama yanavuja na kama zipu zinakwama. Nauli yao, chakula chao.

"Kazi yenyewe ni kulala?" nikamuuliza.

"Kulala tu."

"Mzee, mie hiyo nina kipaji nayo."

Tukapanda treni, kisha pikapu iliyojaa magodoro. Baridi ya kule usiombe. Mara ya kwanza maishani niliona mvuke unatoka mdomoni mwangu kama birika, nikawa napuliza njia nzima, dereva akadhani naumwa.

Mahema yenyewe sasa. Yalikuwa sita, ya kijani, yamewekwa juu ya sakafu ya mbao. Ndani kitanda kikubwa, shuka nyeupe, mito minne kwa kichwa kimoja, na nyuma ya pazia choo cha kukaa. Ndani ya hema! Nyumbani kwetu choo ni kimoja kwa familia sita za wapangaji, asubuhi unasimama foleni na kopo lako. Niamini, nilikwenda kukaa pale juu bila haja yoyote, kwa heshima tu.

Mjomba Asajile alitupokea vizuri, lakini viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimefungwa vitambaa. Alisema aliungua na sufuria. Mkewe alikuwa anamlisha kwa kijiko kama mtoto. Na kitu kingine: hakuwa anafika kwenye mahema. Alikuwa anaishia kwenye migomba, anatuonyesha kwa kidevu, anarudi zake nyumbani.

Jioni ya kwanza Lusajo akaniambia, "Kuna kitu nilisahau kukwambia. Sie Wanyakyusa na nyie Wazaramo ni watani."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Utani wa wazee huo."

Nikafurahi kama nimeokota. Utani unaujua ulivyo: mtani wako akifiwa unaweza kwenda kulala ndani ya kaburi ukagoma kutoka mpaka upewe kitu, ukasema marehemu alikuwa mlafi, na hakuna wa kukasirika. Kwa mtu kama mie hiyo si mila, hiyo ni ajira.

"Kuna babu mmoja anapitaga jioni," Lusajo akaendelea. "Anapenda utani kuliko chakula. Akikuuliza mahema ya nani, mwambie yako. Akiuliza shamba la nani, mwambie lako. Na usimwamkie shikamoo, mtani haamkiwi shikamoo, utamuudhi."

Alikuwa anasema huku anaangalia viatu vyake. Nikadhani ni baridi.

Siku ya tatu, kama saa moja jioni, giza halijakaa vizuri, Lusajo akasema anakwenda kwa mjomba kuchukua chakula. Nikabaki nimekaa mlangoni mwa hema la kwanza, nimejifunga blanketi kama chifu. Manyunyu yalikuwa yanadondoka. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka ziwani, na ndani ya ukungu akatokea mzee, koti refu, jembe begani.

Sasa sikiliza. Upande aliotokea hakuna njia. Ni ukingo unaoshuka wima mpaka kwenye maji, mchana nilichungulia nikarudi nyuma mwenyewe. Nililiona hilo, nikajiambia wenyeji wana njia zao.

"Ugonile," akanisalimia. Ndiyo salamu yao ya kuuliza umelalaje.

Shikamoo ilikuwa imeshafika ulimini, nikaimeza. "Nimelala vizuri, na nitalala tena. Kitanda kama hiki wewe utakiotea wapi?"

Hakucheka. Nikadhani anajikaza, watani wazuri ndivyo wanavyofanya.

"Mahema haya ya nani?"

"Yangu."

"Na shamba?"

"Langu pia. Babu, ulilala mno, nimelichukua. Ungekuja mapema tungegawana."

"Ni lako?"

"Langu mie, nani mwingine? Na mkeo nimemrithi. Mwenyewe anasema bora ulivyoondoka, maana ulikuwa unakoroma. Huyo humo ndani kalala." Nikaonyesha hema nyuma yangu kwa kidole gumba.

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizwa jambo la kawaida. "Ndiyo. Yuko humo. Na wanangu wawili wako chini ya lile la pili."

Hapo ndipo nikatazama vizuri. Mimi nikiongea mvuke unatoka. Yeye alikuwa ameongea muda wote ule, karibu nami kama wewe na hicho unachosoma, na mdomoni mwake hakukutoka kitu. Na lile koti, kwenye manyunyu yale, lilikuwa kavu.

Ulimi wangu, ambao hata mwalimu wa nidhamu hajawahi kuushinda, ukaanza kutafuta pa kupita. "Babu, mie natania. Si sie watani?"

"Mtoto wa pwani," akasema, "nani alikuambia tuna utani na nyie?"

Akashusha jembe begani, akanielekezea mpini.

"Mwenye shamba ndiye anayepalilia makaburi. Kila ninapomshikisha Asajile ananiambia si yeye, mwenye shamba ni mwingine, anakuja. Basi, umekuja. Pokea."

Unajua kilichoniponza? Malezi. Shikamoo niliinyima, matusi niliyatoa, lakini mtu mzima akikunyooshea kitu, mikono miwili inakwenda yenyewe. Mama yangu alinifundisha hivyo kwa kofi nikiwa bado natambaa. Nikapokea kwa mikono miwili na magoti nikayakunja kidogo. Mpini ulikuwa wa baridi, wa baridi kiasi kwamba niliuhisi kwenye meno.

Nilipoinua macho hapakuwa na mzee. Wala jembe. Nilikuwa nimesimama peke yangu, mikono imeshika hewa.

Nilikimbia bila viatu kupita migomba mpaka kwa Mjomba Asajile. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kule kote, kwa sababu yule mzee mie nilishamsamehe. Yeye aliuliza, akajibiwa.

Nilisukuma mlango. Walikuwa wamekaa wote: mjomba, mkewe, Lusajo. Chakula kipo mezani, ndizi na maharage, hakijaguswa na kimeshapoa. Hakuna aliyeuliza "una nini wewe?" Hakuna aliyeshtuka kuona miguu yangu inavuja damu. Mjomba alisimama, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Umemwambia shamba ni la nani?"

"Nimemwambia langu."

Akakaa chini. Akatoa pumzi ndefu, mkewe akaanza kulia kwa sauti ndogo, nikajua si kilio cha huzuni. Halafu mjomba akavuta sahani karibu kwa mikono yake ile yenye vitambaa na kuanza kula, mwenyewe, bila kijiko.

Nilimwangalia Lusajo. Nilimngojea aseme chochote. Hata uongo ningeupokea usiku ule. Alivuta bakuli la maharage, akanisogezea.

"Kula," akasema. "Yamepoa."

Ndani ya treni, siku ya kurudi, ndipo alipozungumza. Mjomba wake alikodisha ardhi ile bila kuwaambia ndugu, na makaburi ya yule mzee na familia yake aliyasawazisha usiku mmoja kabla kampuni haijaja kuangalia. Tangu siku hiyo alikuwa analala kitandani kwake na kuamka viganja vimechubuka kama aliyelima ekari. Mganga wao alisema shamba lazima lidaiwe na mtu mwingine, kwa mdomo wake, kwa hiari yake, na asiwe wa ukoo. Lakini nani wa pale kijijini angekubali kusimama mbele ya mzee yule na kusema "ni langu"? Wote wanamjua.

"Ukanifikiria mie," nikamwambia.

"Wewe huogopi kitu."

"Lusajo, si nilikuwa sijui!"

Akageukia dirishani. "Mjomba ndiye anayenilipia ada. Angekufa, mie ningekuwa wapi?"

Nikamuuliza, na zile fimbo sita? Ulipochapwa fimbo zangu, ulikuwa rafiki au ulikuwa unaniwekea akiba? Mpaka leo hilo ndilo linaloniamsha kabla hata viganja havijaniamsha.

Maana viganja vinaniamsha. Si kila siku. Kila baada ya wiki hivi, au wiki mbili, nikianza kusahau. Naamka kwenye kitanda changu Temeke, wadogo zangu wawili pembeni wanakoroma, na mikono yangu ina malengelenge, na kwenye kucha kuna udongo. Udongo wetu ni mchanga mweupe, mtu yeyote wa kwetu atakuambia. Huu ni mweusi, unanata. Mama ameusugua kwa brashi ya kufulia mpaka nikalia. Nilipomweleza habari za utani alishika kiuno. "Wanyakyusa? Watani wetu Wanyamwezi, mtoto we! Huyo mwenzio kakudanganya, na wewe na akili zako hizo za kuchekesha watu ukaona umepata."

Tumekwenda kwa mganga mmoja kule Kipawa, tumekwenda kwa shehe, tumesomewa. Wote wanasema neno moja: nililisema mwenyewe. Mwalimu wa nidhamu akaona mikono akanipa adhabu ya kufyeka, akidhani nimezoea. Darasa zima lilicheka. Nilicheka nao, nifanyeje.

Lusajo tuko naye darasa moja bado. Alihamia dawati la mbele. Hesabu sasa nafanya mwenyewe na nafeli mwenyewe.

Lakini subiri, sijakuambia lililo baya. Muhula huu amekuja mwanafunzi mgeni kutoka Tabata. Mchangamfu huyo, mdomo haufungi, anawaiga walimu mpaka unashika mbavu. Tumeshakuwa marafiki. Juzi tumekaa kwenye ngazi za darasa, nikajikuta namwelezea ziwa. Nikamwelezea shuka nyeupe, mito minne, choo cha kukaa ndani ya hema. Macho yakamtoka.

"Braza, tunakwenda lini?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumjibu. Mikono ilikuwa inaniuma tangu alfajiri, siwezi hata kushika kalamu sawasawa, na sentensi nzima ilikuwepo hapo tayari, imeshapangwa, kuhusu utani wa zamani wa wazee. Nikajiona naangalia viatu vyangu.

Nilinyanyuka nikaenda zangu bila kumuaga. Amenuna, hasemi nami. Na anune. Lakini mie najijua, na sijui nitakuwa na nguvu hizo mpaka lini, maana mwaka bado mrefu na malengelenge hayazoeleki.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, shika hili. Ukialikwa mahali pazuri bure, muulize anayekualika ni nani aliitwa kabla yako akakataa. Na siku ukikutana nami, nikianza kukusifia kitanda fulani kando ya ziwa fulani, hata nikicheka vipi, hata nikiapa kwa mama yangu, usije.