Makaa Hulazwa kwa Majivu

Asubuhi ile, kabla mambo hayajaharibika, mimi na mama tulikuwa tukigombana juu ya kifuniko cha sufuria. Mji wetu, mashariki mwa Kongo, ulikuwa bado na soko na shule. Mimi, mhadhiri msaidizi wa kemia mwenye miwani minene, nilikuwa nimefunua sufuria kuona dawa imefikia wapi.

"Weye! Harufu ndiyo dawa," mama alisema. "Ukiiacha itoke, tutakunywa nini?"

Nilimweleza habari za mvuke. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza jirani mlevi, kisha akarudisha kifuniko.

Taratibu zake zilinichosha. Majani ya mubirizi, yale machungu ya homa, yaoshwe mara mbili, yachanwe kwa mkono, kisu kisiyaguse. Yamwagiwe maji moto, yafunikwe, yaachwe. Mizizi ndiyo ya kuchemshwa, tena polepole, juu ya makaa, mpaka maji yapungue nusu. Na nusu aliipima kwa kijiti alichokitia alama kwa ukucha. Nilimnunulia kikombe cha kupimia chenye namba. Akapanda kitunguu ndani yake.

Kazi ikiisha, makaa yalifunikwa kwa majivu. Kuyamwagia maji ilikuwa mwiko. "Moto unalazwa," alisema, "haunyongwi."

Wiki hiyohiyo risasi zilianza upande wa uwanja wa ndege. Tulijifungia ndani: mama, mimi, na mdogo wangu Bahati, fundi mwashi mwenye mabega mapana kama mlango. Siku ya tatu Bahati akashikwa na homa. Duka la dawa la mtaani lilikuwa limevunjwa, na barabara ya hospitali ilikuwa ya wenye bunduki. Mama akatoa mizizi yake chini ya kitanda.

"Utapika? Wakiona moshi watajua kuna watu."

"Makaa yakishika vizuri hayatoi moshi. Kwani huko chuo kikuu walikufundisha nini?"

Aliyawasha uani alfajiri, ukungu ungalipo. Siku mbili Bahati alikunywa huku akiutukana ukoo mzima wa ile mizizi. Siku iliyofuata alitokwa na jasho, akaomba ugali. Sidai kwamba mizizi ndiyo iliyomponya; huenda homa ilichoka yenyewe. Mama hakuwa na shaka hata kidogo, na hilo nalo liliniudhi.

Aliniachia sufuria ya mwisho, akaenda kumlisha.

Nikasikia viatu njiani.

Viatu vingi.

Majivu yalikuwa kwenye debe, hatua moja kutoka mguu wangu.

Nikamwaga sufuria yote juu ya makaa.

Yeyote aliyewahi kupika angekwambia kitakachofuata. Mimi, mtu wa kemia, nilisimama nikilitazama wingu jeupe likipanda juu ya ukuta, juu ya bati, likakaa pale.

Viatu vikasimama.

"Nani anapika humo?"

Waliingia wanne. Walitaka watu wa kubeba masanduku. Mmoja alinivua miwani, akaivaa, akaona jinsi nilivyopapasa ukuta, akacheka. "Huyu mwalimu atatuchelewesha." Akamgeukia Bahati, aliyekuwa amesimama mlangoni, mara ya kwanza tangu augue.

"Wewe. Twende."

"Ana homa," mama alisema.

Askari alimgusa Bahati paji la uso kwa mgongo wa mkono, kama muuguzi.

"Hana."

Bahati alivaa viatu vyake. "Yaya," aliniambia, kama alivyoniita mimi mkubwa wake tangu utotoni, "angalau ile mizizi sitainywa tena."

Hakurudi. Tulingoja siku kumi na moja, kisha majirani wakaanza kuhama, nasi tukahama nao.

Sasa tunaishi Nakawa, ng'ambo ya mpaka, vyumba viwili nyuma ya maduka. Mama bado anachemsha, na sigiri, jiko lake la makaa, inaipasha joto nyumba isiyohitaji joto. Juzi mwanamke mmoja wa Ntinda, mtaa wa jirani, alikuja kuuliza namna ya kutengeneza dawa ya kikohozi. "Nnyabo," akamwita mama kwa heshima, "si nitumie tu birika la umeme? Dakika mbili?" Mama alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma.

Nimeipima sana siku ile. Kama ningechota majivu, pengine wangepita. Kama homa isingeshuka, pengine wangemwacha. Pengine wangeingia tu. Waliingia nyumba nyingi zisizo na moshi. Mama hunikosoa kila kitu: kifuniko, kisu, ninavyosuuza majani. Lile la siku ile hajawahi kulitaja. Mara mbili nimejaribu kulitaja mwenyewe.

"Mama, siku ile, yale maji..."

"Shika kifuniko."

Basi hunishikisha kifuniko, huniachia kuchana majani, hata kupima kwa kijiti. Lakini dawa ikiiva, kabla sijainama, huja, hunisukuma kwa kiwiko, huchota majivu na kuyalaza makaa mwenyewe. Nami, mwenye jibu la kila jambo, husogea kando.