Ombi Lililogeuzwa Swali

Kila nikisikia mtu anasema vijana wa siku hizi hawataki dini, nacheka kwa hasira. Nilikaa miaka miwili kwenye kamati ya wanafunzi Waislamu pale chuoni Kasapa, na shida yetu haikuwa vijana kukataa dini. Shida ilikuwa sisi tuliojipa kazi ya kuwakaribisha. Nasema bila kutafuna maneno, maana waliokuwapo wananijua, na wakitaka kununa wanune.

Mwaka wangu wa mwisho tuliamua kuandaa alasiri ya maswali na majibu. Wazo lilikuwa zuri. Tunaalika wenzetu wa madarasani, wawe Wakatoliki, Wamethodisti au wa makanisa ya uamsho. Mtu anakuja, anakaa, anakula sambusa, anauliza analotaka kuhusu Uislamu, tunamjibu. Katika mji wetu Waislamu si wengi, na watu wanatujua kwa duka la vitenge au kwa cherehani kama ya baba yangu, basi. Kuingia msikitini hawajaingia. Mimi sikutaka umati. Nilitaka mtu mmoja atuone tulivyo, na mtu huyo nilikuwa naye tayari.

Alikuwa mwenzangu wa chumba bwenini. Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, ukoo wa watu wa reli, anasoma kemia. Simu yangu ikilia alfajiri nisiisikie, yeye ndiye aliyekuwa akinisukuma kwa mguu kutoka kitanda chake, macho bado amefumba, mpaka niamke nikasali. Mwezi ule mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya mjini, ana uvimbe tumboni, na madaktari walikuwa wamepanga kumpasua Ijumaa asubuhi. Programu yetu ilikuwa Alhamisi. Siku chache kabla, akiwa anapiga pasi, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Ku ile programme yenu ya jeudi, muntu anaweza leta nia?"

Kwao kanisani, mwenye mgonjwa hupeleka nia yake kwa padri, nayo husomwa mbele ya watu, na kanisa zima linamwombea mgonjwa huyo. Nilimwambia mimi namwombea mama kila siku.

"Najua," akasema. "Lakini wewe uko moja. Pale mutakuwa bengi."

Nikamjibu kwamba anaweza, aje nayo. Sikuona sababu ya kwenda kumwuliza mtu yeyote. Mgonjwa kuombewa, nani atakataa?

Kufikia hapo nilipaswa kuwa nimeijua kamati yangu. Mkutano wa kwanza wote uliishia kwenye bango, liandikwe "débat", yaani mjadala, au "conférence", yaani mhadhara. Nikasema liandikwe "Karibuni", wakanitazama kama nimetukana. Mkutano wa pili ulikuwa wa pazia la kutenganisha wanaume na wanawake, katika ukumbi wa mihadhara ambao viti vyake vimekazwa sakafuni na dari yake huifikii hata kwa ngazi. Walibishana juu ya pazia lile mpaka mlinzi akaja kutufungia mlango. Kitu pekee ambacho hakikujadiliwa kilikuwa sambusa. Hiyo ilijulikana: sisi wa kike tutapika, tutabeba, tutapanga, na tutakaa nyuma.

Mwenyekiti wetu alikuwa kijana wa uhandisi, mpole kabisa mkiwa wawili, lakini mpe maikrofoni uone. Pembeni yake alikuwapo yule tuliyemwita msomi. Alikuwa amejifunza Kiarabu kidogo nje ya nchi, akarudi kusoma sheria, na ukimsalimia tu anakupa dalili ya salamu, aya na hadithi zake. Niliwaomba tuanze mapema, magharibi isije ikatukuta katikati ya maneno na wageni wamekaa. Mwenyekiti akanitabasamia, akaniita dada kwa Kifaransa kama kawaida yao.

"Sœur, usiogope. Yote iko calculée."

Alhamisi tulianza tumechelewa. Kwanza maikrofoni ilikataa, halafu mwenyekiti akatoa hotuba ya ufunguzi, halafu msomi akatoa hotuba ya kuwajibu watu wanaosema Uislamu haupendi sayansi, ingawa mle ukumbini hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Wageni walikuja, nisiseme uongo. Walikuja na walisikiliza. Kisha nikaanza kuwaona wanainuka mmoja mmoja, sambusa zimefungwa kwenye karatasi, wanapita mbele yangu wananong'ona "merci" kwa adabu. Nilikuwa namimina tangawizi kwenye vikombe vya watu wanaoondoka. Ilipofika zamu ya maswali, ambayo ndiyo ilikuwa programu yenyewe, walibaki safu mbili. Nikakasirika, jagi la tangawizi bado mkononi.

Mwenzangu hakuondoka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa, amejifunga kitambaa kichwani kwa kutuheshimu, wala hakuna aliyemwambia ajifunge. Akanyanyua mkono. Akapewa maikrofoni.

"Bonsoir," akasema. "Mi siko na ulizo. Mama yangu iko ku hôpital, kesho asubui batamupasula. Nilikuja kuomba mumuombee. Ni ile tu."

Akarudisha maikrofoni, akakaa, mikono juu ya magoti. Nilisikia raha moyoni, raha fupi sana. Nilidhani sasa mwenyekiti atainua mikono, tutasema amina, na yote yaliyoharibika siku ile yatasameheka.

Mwenyekiti akaegemea meza. "Ulizo muzuri sana," akasema. "Je, Muislamu anaweza kumuombea muntu asiye Muislamu? Tutajibu."

Na wakajibu. Msomi akasema lazima kwanza tutenganishe aliye hai na aliyekufa. Mwenyekiti akasema hiyo inajulikana, huyu ni hai. Msomi akasema hata kwa aliye hai kuna kumwombea uongofu na kuna kumwombea afya, na mambo hayo mawili si sawa. Mwenyekiti akasema afya inaruhusiwa, alisikia hivyo kwa mwalimu wake. Msomi akauliza mwalimu gani, na katika kitabu gani. Safu ya mbele, ndugu zetu wenyewe, wakaanza kuchangia. Kifaransa kikapanda, Kiarabu kikaingia, na mwenzangu alikuwa akigeuza kichwa kumfuata kila anayesema, anangojea wamfikie mama yake.

Nikaacha jagi, nikaenda mbele. "Hakuuliza kitu," nikasema. "Ameomba. Tumuombee, halafu mubishane."

"Attends, sœur," mwenyekiti akasema, akinizuia kwa kiganja. "Tuko naendelea."

Adhana ikalia kwenye simu ya mtu. Wote wakaacha ubishi palepale, wakasimama, wakatoka na mikeka kwenda kusali barazani, nyuma ya ukumbi. Wa kike nao wakaenda. "Cinq minutes," mwenyekiti akawaambia wageni, na wageni waliosalia wakachukua hizo dakika tano kuwa ruhusa ya kwenda kwao. Mimi sikuwa nasali siku zile, kwa sababu ambazo kila mwanamke anazijua, kwa hiyo nilibaki na mwenzangu katikati ya viti vitupu. Nilikuwa na aibu.

Kupitia madirishani tukasikia kisomo cha imamu. Mwenzangu akanisogelea.

"Njo sasa banamuombea?" akaniuliza kwa sauti ya chini, kama ndipo sasa wanamwombea mama yake.

"Beko nasali," nikamwambia. Sikumfafanulia kwamba sala ile si dua ya mgonjwa.

Akasimama. Akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa, na akabaki hivyo wima sala yote, pamoja na watu waliokuwa upande wa pili wa ukuta. Mimi nikasimama naye. Ningekaa vipi?

Waliporudi, nyuso bado zina maji ya udhu, mwenyekiti alikuwa amechangamka. Akaenda moja kwa moja kwenye maikrofoni, ingawa tulibaki yeye, msomi, wale ndugu wa safu ya mbele na sisi wa sambusa.

"Tumekubaliana," akasema. "Kwa afya, inaruhusiwa. Ulizo ya sœur imepata jibu."

"Merci," mwenzangu akasema. Akangoja kidogo. "Kumbe hamuyamuombea?"

Hawakuwa wamemwombea bado. Walikuwa wametoka kwenye sijda wakati uleule, vipaji vya nyuso vilikuwa bado na vumbi la mkeka, na katika wote hakuna aliyemkumbuka yule mama. Mwenyekiti akakohoa. "Tutamutia ku programme ya jeudi ijayo," akasema, na naamini alikuwa anataka kumfariji.

"Kesho asubui njo banamupasula," mwenzangu akasema, taratibu, kama anayemweleza mtoto.

Basi nikainua mikono mimi. Sikuomba ruhusa, na sikushika maikrofoni. Niliomba kwa Kiswahili cha nyumbani, kile bibi yangu alichotoka nacho Maniema, kwa sababu Kiarabu changu kisingetosha kwa yale niliyotaka kumwambia Mungu. Nikamtaja mama kwa jina lake, nikataja tumbo lake na mikono ya madaktari. Wa kike wenzangu wakasema amina. Ndugu wawili watatu wakasema amina. Mwenzangu naye akasema amina, kisha, kwa mazoea yake ya tangu utotoni, akafanya ishara ya msalaba.

Ijumaa asubuhi niliacha darasa, nikaenda kukaa naye kwenye benchi la hospitali. Simu yangu ilikuwa inatetemeka bila kupumzika. Lilikuwa kundi la kamati. Msomi alikuwa ameuliza hukumu ya dua ambayo mmoja wa waitikiaji wake ameimaliza kwa msalaba. Mwenyekiti akauliza kama dua ya mwanamke mbele ya wanaume ilikuwa halali tangu mwanzo. Mwingine akaleta sauti ndefu ya shehe. Nilisoma yote, kila neno, huku mwenzangu akizungusha rozari vidoleni pembeni yangu, nikitafuta aliyeuliza habari za mgonjwa. Sikumpata.

Muuguzi akatoka, akamwita mwenzangu, akamwambia uvimbe umetolewa na mama ameanza kufumbua macho. Mwenzangu alinikumbatia mpaka kitambaa changu kikanitoka kichwani. Nikaandika kwenye kundi, vidole vinakosea herufi: "Mama ametoka salama. Alhamdulillahi."

Msomi ndiye aliyejibu wa kwanza.

"Sœur, tafadhali, tusitoke ku sujet."

Nikawaachia mada yao, nikazima simu, nikaingia kumwona mama.