Sikio la Mama Manjano

Sokoni wanamwita Mama Manjano, maana miaka ishirini ya kutwanga na kuuza manjano imempaka rangi hadi kwenye kucha. Jana shemeji yake, anayemchapishia lebo, alimletea mpya: "Manjano halisi. Huponya saratani ya ngozi."

"Zirudishe," Mama akamwambia.

"Shemeji, hata wataalamu wanasema manjano inaua seli za saratani."

"Wameziua kwenye kisahani cha maabara. Mimi siuzii visahani, nauzia watu."

"Ukikataa wewe, jirani atazibandika."

"Azibandike. Kwangu hazikai."

Shemeji akaguna kwamba mwanamke huyu ana kichwa kigumu kuliko kinu chake. Mama akafungua kitambaa cha kichwani, akamgeuzia upande wa kushoto, ambako nusu ya sikio haipo.

"Hapa palikuwa na kidoa cheusi. Nilikipaka manjano mwaka mzima, asubuhi na jioni. Rojo lilikifunika, sikuona kinavyotanuka. Daktari alipoliosha ndipo nami nikaona. Kwa hiyo andika hivi: 'Kidoa kikibadilika, ondoa manjano yangu kwa maji, uende hospitali.' Na kama lebo inahitaji picha, piga hapa."