Tunda Bichi Kwenye Glasi ya Wairimu

Mimi sijui kutunga. Nasema tu nilichokiona mchana kweupe, nyumbani kwangu Makongeni.

Marehemu mke wangu, Wairimu, alichora glasi za kuuza. Kwenye kila glasi alichora tawi la kahawa lenye matunda mekundu na tunda moja bichi. Mama yake alikuwa mchumaji wa kahawa Ruiru. Siku moja mnyapara alikuta tunda bichi kwenye ndoo yake, akamfukuza kazi mbele ya watu. "Hili langu hakuna atakayemgombeza mama kwa ajili yake," Wairimu aliniambia. Mama huyo alifariki kabla sijaoa.

Rangi ya glasi lazima ichomwe kwenye oveni ndipo ishike. Je, sikujua? Nilijua. Lakini baada ya mazishi, nikiosha vyombo vya wageni, niliosha pia glasi ya mwisho aliyoichora, ambayo hakuwahi kuichoma. Kazi yake yote ikaenda na povu. Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Jumanne iliyofuata, alasiri, mama mmoja alibisha hodi. Gambuti zake zilijaa tope bichi, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

"Muthoni, hata maji huna?"

Kwa Kikuyu, muthoni ni mkwe. Nikadhani ni shangazi fulani nisiyemkumbuka. Glasi iliyokuwa karibu ni ile niliyoiharibu.

"Ai! Mgeni unampa glasi iliyo uchi?" Akacheka. "Wanaume mkiachiwa jikoni!"

Alikunywa polepole, akiizungushia glasi vidole vyeusi kwa utomvu. Akanirudishia. "Likiiva nitakuja kulichuma. Bichi sichumi tena."

Nikatazama glasi. Tawi lilikuwa limerudi, jani kwa jani, mkono wa Wairimu kabisa, na rangi haijakauka. Nilipoinua macho, hakukuwa na mtu. Jirani aliyekuwa akianika nguo mlangoni pangu hakuona yeyote akiingia wala kutoka.

Niliichoma siku hiyohiyo. Rangi iliyochomwa haibadiliki, muulize fundi yeyote. Lakini niamini, lile tunda bichi limeanza kuwa jekundu upande mmoja. Sijui atachuma tunda au atanichuma mimi.

Wewe uliyefiwa, usioshe kitu cha marehemu kabla ya kujua alikuwa amekifikisha wapi. Mimi siku hizi siutii mlango komeo.