Mama Amesoma Daftari Langu

Mama amesoma daftari langu. Lote!

Ni lile la mazoezi ya kuandika. Kila asubuhi naandika dakika kumi bila kunyanyua kalamu, chochote kinachokuja.

Jumapili nililisahau kwake Kibosho. Leo nimepanda mlimani mbio kulifuata, maana humo nimemwandika yeye mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo, mwandishi."

Jamani, nikajua limesomwa.

Akafungua ukurasa wa harusi yangu. Nilikuwa nimeandika kwamba siku ile alijificha nyuma ya jiko akilia, kwa sababu hakumtaka mume wangu.

"Uongo," akasema. "Viatu vilikuwa vinanibana. Nilikwenda kuvivua."

Miaka tisa nimebeba kinyongo kwa sababu ya viatu! Nikacheka mpaka machozi, nikamwomba radhi.

Kumbe hakuwa amemaliza. Akanionyesha ukurasa unaofuata. Alikuwa ameandika mwenyewe, kwa penseli, herufi kubwa kubwa:

"Siku ya harusi sikulia. Nililia kesho yake, nilipopika mtori wa watu wawili, mimi na wewe, ndipo nikakumbuka umeondoka."

Nikamkumbatia.

Akanisukuma taratibu. "Niache kwanza, bado kuna la baba yako sijaandika."

Basi daftari limebaki kwake. Nimerudi kwangu Majengo mikono mitupu, nacheka peke yangu njiani.

Hebu niambieni, nyinyi mama zenu wakipewa penseli watawasahihisha wapi?